Kabichi Zisizofunga

Mara ya kwanza nilipoziona kabichi zile, niliamini kuna mtu anaziiba. Zilikuwa zimepandwa kwenye mteremko wa udongo mwekundu nyuma ya darasa la sita, safu nane zilizonyooka, na hakuna hata moja iliyokuwa imefunga. Kila moja ilikuwa shina tupu lililofika gotini, limejaa makovu kuanzia chini hadi juu, na kileleni majani manne au matano madogo. Katika kitabu cha mwongozo nilichopewa ofisini palikuwa na picha ya kabichi: nzito, ya mviringo, imetulia ardhini. Hizi zilifanana na minazi midogo.

Nilitoa daftari nikaandika: "Majani yanachumwa. Nani?"

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nimalize chuo kikuu. Kule Dar es Salaam tulizoea kubishana juu ya kila neno lililotoka serikalini, na mimi nilikuwa miongoni mwa wale ambao mhadhiri akisema "kama tunavyojua," wananyoosha mkono kuuliza nani anajua, na amejuaje. Kisha nikapangiwa kazi katika ofisi ya elimu, Lushoto. Nikapewa buti, koti la mvua na orodha ya shule, nikaambiwa nizunguke milimani kukagua bustani. Ilikuwa miaka ya elimu ya kujitegemea: kila shule iwe na shamba, kila mtoto ajue kulima na kupika anachokula. Maneno hayo niliyaunga mkono. Niliokuwa siwaamini ni wale walioniambia kwamba yanatekelezwa.

Inafaa niseme pia kwamba milima hiyo ni ya kwetu, na si ya kwetu. Baba yangu alitoka Mlalo akiwa kijana akaenda kuwa karani kwenye mashamba ya mkonge kule chini, karibu na Korogwe, na huko ndiko nilikozaliwa. Kishambaa nilikisikia chote, lakini nikikisema watu walitabasamu. Mboga za nyumbani kwetu zilitoka gengeni, zikiwa zimepangwa mafungu. Sikuwahi kumwona mama yangu akichuma jani lolote mahali popote.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo, ambayo iko juu ya Soni kwa mwendo wa saa moja na nusu, alikuwa mtu mfupi mwenye sweta la kijivu, na alijibu maswali kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Nani anachuma kabichi hizi?"

"Watoto."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ni somo."

"Somo gani hilo?"

"La upishi. Twende ukaonane na mwenyewe, ndugu. Mimi ni mtu wa hesabu."

Jiko lilikuwa banda la mabanzi lililoezekwa kwa bati, limejaa moshi. Ndani yake watoto kama ishirini, wavulana kwa wasichana, walikuwa wakikatakata majani kwenye sinia. Mvulana mmoja alikuwa anakoroga chungu kwa mwiko mrefu kuliko mkono wake. Katikati yao alisimama mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa kitenge na juu yake koti la kiume lililokunjwa mikono. Niliambiwa baadaye kwamba koti lilikuwa la marehemu mumewe, aliyekuwa mwalimu hapohapo. Alipofariki, kamati ya shule ilimwachia mjane nyumba ya mwalimu, kwa masharti kwamba afundishe watoto kupika. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na nyumba hiyo, na chungu kile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka mbali?"

"Lushoto. Gari limeniacha barabarani."

"Basi kaa kwanza."

Sikukaa. Nilimwambia kilichonileta, palepale mbele ya watoto, kwa sababu niliona ni haki mtu aambiwe kinachomkabili. Ofisi ilikuwa inatarajia kupokea walimu wapya waliosomea kilimo. Shule zenye bustani mbaya zingepewa mmoja mmoja, na mwalimu huyo angehitaji nafasi na nyumba. Shule zenye bustani nzuri zingeachwa kama zilivyo. Mkuu wangu wa kazi angekuja mwenyewe kuangalia baada ya wiki sita. Kwa hiyo, nikasema, kabichi zile zilikuwa zinamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote pale.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mvulana wa mwiko, "Usiache kukoroga kwa sababu ya mgeni," akanigeukia.

"Kabichi zina nini?"

"Hazijafunga. Mnazichuma majani kabla hazijafunga."

"Nikisubiri zifunge, zitaliwa lini?"

"Miezi mitatu, minne."

"Na huyu," akamshika bega msichana mwembamba aliyekuwa anaosha masufuria, "hiyo miezi mitatu ale nini? Ile picha ya kwenye kitabu chako?"

Watoto walicheka, wakaacha ghafla walipoona sicheki. Msichana yule ndiye aliyeagizwa kunionyesha. Alinipeleka kwenye safu akainama, akashika shina kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akalivuta jani la chini kabisa kuelekea ardhini mpaka likakatika kwa mlio mdogo. Moja hapa. Akaruka kabichi mbili. Moja pale. "Huchumi mara mbili kwenye mama mmoja siku moja," alisema akigusa shina, kwa sauti ya kukariri, na mimi nikajua ni sauti ya nani aliyokuwa anaikariri.

Leo ninafahamu kwamba hivyo ndivyo wanawake wa milimani wanavyochuma kila kitu: mnavu, mshunga, majani ya kunde, majani ya maboga. Wanateremka migombani na kikapu, jani hapa, jani pale, na mmea unabaki umesimama kutoa tena. Mbegu za kabichi zilipoletwa, mama yule aliipokea kabichi kama mboga nyingine yoyote ya majani, akaipa sheria zilezile. Siku ile sikulifahamu hilo. Niliona kisingizio kilichoandaliwa vizuri, na watoto waliofundishwa kukitetea.

Nilipokuwa nateremka kurudi barabarani nilimkuta mzee anatengeneza uzio, nikamwamkia, nikamuuliza anaionaje bustani ya shule.

"Wewe ni wa serikali?"

"Ni wa elimu."

"Wakati wa Mwingereza tulichimba matuta milima hii yote, kwa amri. Asiyechimba, anashtakiwa. Tukakataa mpaka wakachoka." Alikaza kamba ya uzio kwa meno, akaitema. "Sasa wanachimba wajukuu zetu. Nimewapeleka kusoma, wanarudi na udongo kwenye kucha. Tofauti iko wapi, mwanangu, wewe uliyesoma?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimewahi kuliandikia kurasa kumi na mbili chuoni. Lakini pale njiani kila nilipolianza lilisikika kama hotuba, nikamuaga.

Wiki mbili baadaye nilimfuata mama yule sokoni Soni. Sijivunii jambo hilo, ila ndivyo nilivyokuwa. Nilishawishika kwamba majani mengi kiasi kile hayawezi kuishia kwenye chungu kimoja, na kwamba mtu asiye na mshahara wa maana lazima awe na mlango mwingine. Nilimwona darajani ana kikapu kichwani, nikamwacha apite, nikawa nyuma yake. Alizunguka kwa wauza vyungu. Nami nikajifanya nachagua peasi. Aliteta na mwanamke mmoja, wakabadilishana vitu, akatua kikapu chini. Nilisogea nyuma ya mlundo wa viazi.

"Ndugu afisa," alisema bila kugeuka, "njoo basi ushike upande mmoja wa kikapu. Umenifuata tangu darajani, angalau usaidie."

Wanawake waliokuwa wanauza pale waliinua vichwa. Mmoja aliuliza kwa Kishambaa kama mimi ni mchumba, mwingine akasema mchumba wa nini na miguu kama ile, na walicheka kwa muda mrefu. Nilielewa kila neno, ambalo ndilo lilikuwa kosa langu siku ile.

Nilitazama ndani ya kikapu. Hakukuwa na kabichi. Kulikuwa na chumvi, dagaa wakavu, na vitunguu vichache. Alikuwa amevipata kwa ndizi za shamba la kaka yake.

"Ni vya nani?"

"Vya chungu. Au ulidhani majani yanajipika yenyewe?"

Nilibeba kikapu mpaka mwanzo wa kilima. Njiani nilijiambia kwamba mtu mwerevu akijua anafuatwa atanunua chumvi. Hata hivyo zile ndizi za kubadilisha alizibeba kabla ya daraja, akiwa hajajua. Au alikuwa amejua. Nilibaki na hilo mpaka nilipofika Lushoto.

Siku ya ukaguzi tulikwenda kwa gari la ofisi mpaka barabara ilipoishia, kisha kwa miguu. Mkuu wangu alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa upande wa Mlalo, anayetembea na fimbo ambayo hakuihitaji. Alikuwa amefundisha shule za milimani miaka mingi kabla ya Uhuru. Aliongea kidogo, na mimi nilizoea kuuchukulia ukimya wake kuwa ni wa mtu asiye na la kusema.

Watoto walituimbia. Mwalimu mkuu alikuwa amevaa tai juu ya sweta. Tukazunguka darasa la sita, na nikasimama.

Safu nane za kabichi zilizofunga. Nzito, za mviringo, zimetulia ardhini, kama zimetolewa kitabuni. Matone ya maji yalikuwa bado yanang'aa juu ya majani ya nje. Mkuu wangu alitikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

"Uliniambia ni minazi," alisema.

"Ilikuwa minazi, ndugu."

"Wiki sita zilizopita?"

"Ndiyo."

Alisonga mbele na mwalimu mkuu. Mimi nilibaki nyuma, nikachuchumaa kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Udongo kati ya safu ulikuwa mwekundu na mgumu. Lakini kuzunguka kila kabichi ulikuwa umelegea kwa upana wa jembe, na kwenye moja niliona, chini ya majani ya nje, ukingo wa udongo mweusi. Weusi ule upo bondeni tu, kwenye mifereji, mahali wanawake wanapolima mboga za kuuza Soni. Mashina yale tupu hayakuwepo. Baadaye niliyakuta yamelazwa nyuma ya jiko, yamefunikwa kwa majani ya migomba ili yasinyauke.

Kwa hiyo usiku uliopita, au alfajiri ile, watu walikuwa wamepanda kutoka bondeni na kabichi zilizokomaa pamoja na madonge ya udongo wake, wakazipanda hapa kwa ajili yetu. Kabichi ambazo wangeziuza. Swali langu la kwanza, kama kawaida yangu, lilikuwa nani amewalazimisha. Niliwatazama kina mama waliosimama kando ya uzio wamefunga khanga mabegani. Nilimsogelea mmoja, nikamwamkia, nikamuuliza kwa sauti ya chini nani amewaambia walete.

"Tulete nini?"

"Kabichi, mama."

"Kabichi ni za shule," alisema, akatazama mbele. Kwenye kucha zake kulikuwa na weusi.

Nilijua la kufanya. Kazi yangu ilikuwa kuona kisichoonekana, na nilikuwa nimekiona. Ningemwita mkuu wangu pembeni, nikamwonyesha udongo, na ukweli ungekuwa ukweli. Mama wa upishi alikuwa amesimama mlangoni pa jiko lake na lile koti, mikono ameificha mfukoni. Alikuwa ananitazama mimi, wala si mkuu. Nadhani aliona nilipochuchumaa.

Nilipokuwa bado nafikiri, mkuu wangu alimwita msichana aliyekuwa karibu. Alikuwa yuleyule mwembamba wa masufuria.

"Binti, unajua kuvuna?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Tuvunie moja tuone."

Mwalimu mkuu alifungua mdomo, pengine kumwambia achukue kisu. Msichana hakungoja. Alikwenda kwenye safu akainama, akapapasa chini kwa mkono wa kushoto kutafuta shina, na kwa mkono wa kulia akashika jani la chini kabisa na kulivuta kuelekea ardhini, kama alivyofundishwa. Jani halikukatika. Kabichi yote iliinuka, ikalala ubavu, na donge lake jeusi la udongo likakaa juu ya ardhi nyekundu mbele ya watu wote.

Watoto walitazama donge. Mwalimu mkuu alitazama tai yake. Msichana alibaki ameinama na jani mkononi, na nikaona mdomo wake unaanza kutetemeka, kwa sababu alidhani amekosea yeye.

"Hiyo ni ile ya majaribio, ndugu," nilisema.

Mkuu wangu aligeuka. "Majaribio?"

"Wanafundishwa kuhamisha miche. Wamehamisha iliyokomaa, na udongo wake, wapime kama mizizi inaweza kushika udongo mwingine."

"Na imeshika?"

"Bado, ndugu."

Mwanamke mmoja kwenye uzio alikohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi. Mkuu wangu aliligusa donge kwa ncha ya fimbo, akalisukuma kidogo, kisha akatoa daftari lake.

"Hiyo ni sayansi," alisema, akaandika.

Tulikula makande na majani yaliyokaangwa kwa kitunguu na dagaa. Majani hayo yalikuwa membamba na matamu, na sikuuliza yametoka kwenye kabichi zipi. Mvulana wa mwiko alimweleza mkuu wangu, bila kutetereka, kwa nini majani hayachemshwi mpaka yakose rangi na kwa nini maji yake hayamwagwi. Nimekaa kwenye mihadhara mingi ambayo haikueleweka kiasi kile. Kisha mkuu alipokwenda kuangalia vyoo, nilimfuata mama jikoni.

"Nani aliwaambia kina mama walete kabichi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema mnataka zilizofunga. Wamewaletea zilizofunga." Alikuwa anakwangua ukoko. "Watoto wao wanakula hapa siku tano. Unadhani wangeacha nyumba hii apewe mtu mwingine kwa sababu ya sura ya kabichi?"

"Wangenieleza ukweli."

"Nilikueleza mimi. Ukaandika kwenye daftari." Kisha akasema, "Asante kwa binti yule. Angelia mpaka kwao."

Hakunishukuru kwa lingine. Nilitoka nikijiuliza kama nimesema uongo kwa sababu ya haki, au kwa sababu ya mdomo wa mtoto uliotetemeka, au kwa sababu nilikuwa nimenusa kitunguu na nilikuwa na njaa. Mpaka leo sijapata jibu ninaloliamini.

Niliandika ripoti yangu: bustani nzuri, mafunzo mazuri, mwalimu wa upishi aachwe. Mwezi mmoja baadaye nilikuta jalada mezani pa mkuu wangu, na chini ya maneno yangu ameandika kwa mkono wake kwamba shule yenye moyo wa majaribio namna hii inastahili kupata mtaalamu kabla ya nyingine zote. Mwalimu wa kilimo angeripoti mwanzo wa muhula. Nyumba iandaliwe.

Niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Ndugu, tulikubaliana bustani nzuri ziachwe."

"Nilisema mbaya zisaidiwe. Sikusema nzuri zitelekezwe."

"Yule mama ataondoka kwenye nyumba."

"Mama yupi?" Aliinua macho. "Ripoti yako ilisifu majaribio. Mjane anayejua kupika haendeshi majaribio." Alifunga jalada, akalipanga sawa na ukingo wa meza. "Ile miche iliyohamishwa, mizizi imeshika?"

"Sijarudi kuangalia."

"Ungerudi," alisema.

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Mtu aliyezaliwa Mlalo, aliyefundisha milimani miaka yote hiyo, ambaye mama yake bila shaka aliteremka migombani na kikapu, anaweza kweli asijue udongo wa bondeni akiuona? Wakati mwingine ninaamini alijua tangu alipoligusa donge kwa fimbo, na kwamba aliniadhibu kwa kuuchukulia uongo wangu kama ulivyo na kuufuata mpaka mwisho. Wakati mwingine ninaamini hakujua lolote, alifurahi tu. Sijui lipi ni baya zaidi. Ningemwonyesha udongo mwenyewe siku ile, labda mama angeondolewa vilevile. Labda ningeulizwa: kwa hiyo watoto wanakula siku tano? Hakuna aliyewahi kuuliza hilo, hata mimi.

Nilirudi muhula ulipokaribia kwisha. Mwalimu wa kilimo alikuwa kijana wa rika langu, mpole, mwenye vyeti, na alinionyesha bustani kwa fahari ambayo sikuwa na sababu ya kuidharau. Kabichi zake zilikuwa zinafunga. Alikuwa amezizungushia kamba, na watoto walipita pembeni yake mikono nyuma. Zikikomaa zingepelekwa kwenye maonyesho ya Saba Saba, na zinazobaki Soni. Somo la upishi lilikuwa bado lipo, aliniambia, Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na kwa sasa walikuwa kwenye nadharia. Nilichungulia jikoni. Jivu lilikuwa baridi na kuku alikuwa ametaga pembeni ya mafiga.

Nilimuuliza mwalimu mkuu mama amehamia wapi. Alinyoosha kidole kuelekea bondeni, kwa kaka yake, nusu saa ya kuteremka.

Nilimkuta migombani, saa saba mchana. Niliwaona watoto kabla sijamwona yeye: saba, wanane, wamevaa sare, madaftari wameyaweka juu ya jiwe. Wengine walikuwa wanapalilia. Msichana mwembamba alikuwa anachuma, jani hapa, jani pale, anaruka mbili. Na pembeni ya mfereji, kwenye udongo mweusi, vilisimama vile visiki vya minazi, safu mbili tatu alizofaulu kuhamisha, vimetoa majani mapya kileleni. Vilikuwa vimeshika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Niliangalia lile shamba. Lilikuwa safi, limepaliliwa kila kona, na lilikuwa kubwa kuliko ambavyo mwanamke mmoja angeweza kulipalilia peke yake. Lilikuwa shamba la kaka yake. Hakuna aliyekuwa akilikagua.

"Hawa watoto," nilisema, "wanakuja kujifunza, au wanakuja kukulimia?"

Msichana aliinua kichwa. Mama hakukasirika. Alinitazama kuanzia kwenye buti kupanda juu, taratibu, kama anayepima kitu asichokuwa na uhakika kama atakinunua.

"Umetoka Lushoto asubuhi?"

"Ndiyo."

"Umeuliza watu wangapi mpaka hapa?"

"Watatu. Wanne."

"Kuna aliyekuuliza kama umekula?"

Alimwambia msichana aongeze majani, kwa sababu mgeni ni mrefu, akanielekeza mahali palipokuwa na jembe la ziada. Nilivua koti la mvua. Nilipalilia safu moja na nusu mpaka chakula kikawa tayari, na muda wote huo nilikuwa bado ninasubiri jibu la swali langu.